Robota moja la lusini halitoshwi na boza zima la maji: hesabu ya maziwa ya Dodoma

#1 Kipimamaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila kiangazi swali linarudi lilelile: ng'ombe wa maziwa anakunywa lita ngapi, na kisima changu kitabeba ng'ombe wangapi? Jibu linalotolewa ni lita 60, mtu anagawanya, anaita wachimbaji. Hesabu hiyo ni ya birika tu. Maji mengi hayapiti birikani, yanapita kwenye majani anayokula. Naweka hesabu nzima hapa, mwenye kuona kosa arekebishe.

Chukua chotara wa kilo 400 anayetoa lita 10 kwa siku. Malisho makavu (uzito ukishaondoa unyevu wote) anakula asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12. Kwa joto la Dodoma weka lita 5 za kunywa kwa kila kilo ya malisho makavu: lita 60. Ongeza lita 20 za kuosha kiwele, ndoo na sakafu ya banda. Jumla 80, sawa na lita 8 kwa kila lita ya maziwa. Hayo ndiyo yanayoonekana.

Sasa njoo kwenye lusini ya kumwagilia. (Ni majani ya kulisha mifugo, wengine wanaita alfalfa. Msichanganye na lukina, ule ni mti.) Mei hadi Novemba mvua hakuna, weka siku 210. Jua na upepo wa kiangazi vinanyonya wastani wa milimita 5.5 kwa siku kwenye nyasi fupi iliyoshiba maji. Lusini inayokatwa kila mara inatumia kama asilimia 95 ya hiyo, milimita 5.2. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,047, kwa hiyo ekari inataka lita 21,000 kila siku zifike kwenye mizizi. Vinyunyizi vina ufanisi wa asilimia 75, lazima upampu 28,000. Mifereji, asilimia 60, ni 35,000. Matone, asilimia 90, ni 23,000 na ushee.

Mavuno: ukikata kila baada ya siku 35 unapata mikato 6, tani 1 kavu kwa mkato kama shamba limetunzwa. Tani 6. Maji ya vinyunyizi: 28,000 mara 210 ni lita 5,880,000. Gawa kwa kilo 6,000, unapata 980. Tuseme lita 1,000 kwa kilo moja kavu.

Robota la kilo 15 lina kilo 13 kavu. Lita 13,000! Lile boza la lita 10,000 linalopita mtaani haliwezi kuotesha robota moja.

Ukimpa huyo ng'ombe kilo 4 za hei ya lusini kwa siku (kavu 3.5), umempa lita 3,500 za kisima. Kwa lita 10 za maziwa, ni lita 350 kila lita. Birika lilikuwa 8.

#2 Fundi_wa_Visima

Hesabu imekaa. Niongeze upande wa kisima.

Kisima cha kutoa lita 3,000 kwa saa, ukipampu saa 8, ni lita 24,000. Ekari moja ya lusini kwa vinyunyizi inataka 28,000. Yaani kisima ambacho watu wangekiita kizuri hakimalizi ekari moja, na ng'ombe bado hajanywa.

Pili, hayo maji yanarudishwa na nani? Dodoma inapata mvua ya kama milimita 570. Tuchukue asilimia 3 inafika kwenye mwamba wa maji: milimita 17, kama lita 69,000 kwa ekari kwa mwaka. Zile lita 5,880,000 ni mavuno ya chini ya ardhi ya ekari 85. Una ekari 5 na jirani naye kachimba, basi mnakunywa kikombe kimoja kwa mirija miwili.

Na asilimia hiyo haiji kila mwaka. Bonde la Makutupora, linalolisha mji wa Dodoma, lina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950. Zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji huingia kwenye misimu michache ya mvua nzito, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kati ya misimu hiyo maji yanashuka tu, mwaka baada ya mwaka. Mtu anayepima kisima mwaka mmoja baada ya mvua kubwa na kupanda ekari 3 anapanga maisha kwa mshahara wa bonasi.

Kupima si kazi kubwa. Asubuhi kabla ya kuwasha pampu, teremsha kamba yenye kipimo, andika kina cha maji yaliyotulia. Washa pampu, baada ya saa 4 pima tena. Rudia kila wiki, kiangazi chote. Kina cha asubuhi kikishuka wiki hadi wiki, unatoa kuliko kinachoingia. Kina cha asubuhi kikikaa palepale lakini cha mchana kinazidi kushuka, shida huenda ni kisima chenyewe: chujio limeziba kwa kutu au mchanga. Tiba ya hilo la pili ni kusafisha kisima kwa kompresa. Tiba ya la kwanza ni kupunguza ekari, na hiyo hakuna fundi anayekuuzia.

Weka na kile kifaa cha kukata umeme maji yakiisha. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayopita kwenye mota, ikivuta hewa dakika chache mota imeungua.

#3 MchungaWaKweli

Haya ndiyo mahesabu yanayotumika kutuambia wafugaji tunamaliza maji ya nchi. Kuna ile takwimu maarufu, kilo moja ya nyama ya ng'ombe ni lita 15,400. Zebu wangu, ng'ombe wa kienyeji, hajawahi kuiona lusini. Hizo lita kazipata wapi?

#4 Kipimamaji

Kaka, swali lako ni halali. Takwimu ni ya Mekonnen na Hoekstra wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wastani wa dunia lita 15,415. Ila zaidi ya asilimia 90 yake ni mvua iliyonyonywa na majani na mazao, si maji ya bomba.

Na kwa zebu wa malishoni namba inaweza kuwa mbaya zaidi hata ya hiyo. Hekta moja ikivukiza milimita 500 za mvua ni lita 5,000,000. Ng'ombe akila tani 1 kavu tu hapo, kila kilo ya majani imebeba lita 5,000. Zebu anataka kilo 20 za majani au zaidi ili aongeze kilo moja ya mwili. Lita 100,000 kwa kilo, hata hajachinjwa! Kwa karatasi, zebu wa Kongwa ni mlevi wa maji kuliko ng'ombe yeyote wa banda la kisasa.

Lakini mvua hiyo ingevukizwa na nyasi hata ng'ombe asingekuwepo, na kwenye ile ardhi huwezi kupanda maharage. Ndiyo maana mimi sijumlishi. Naandika safu mbili: mvua, na kisima. Zebu wako: mvua nyingi mno, kisima ni kile cha kunywa tu. Chotara wa lusini: mvua kidogo, kisima 350 kwa lita. Safu ya pili ndiyo inayokausha vijiji.

#5 Ngitili

Safu ya mvua nayo si bure, nampinga kidogo mleta uzi. Eneo likilishwa hadi kwato zikapiga ngoma, udongo wa juu unafunga kama sakafu. Mvua ya milimita 40 inakimbia korongoni badala ya kupenya. Mvua ni ileile milimita 570, ila zinazofika kwenye mizizi zimepungua. Hapo mfugo umekula maji bila kuyanywa.

Kipimo cha mkono: kata kopo la bati pande zote mbili, ligonge kwenye udongo sentimita 5, mimina maji ya kimo cha sentimita 3, hesabu dakika mpaka yaishe. Fanya ndani ya eneo lililofungwa na nje yake, siku ileile. Tofauti utaiona mwenyewe.

Wasukuma walikuwa na jibu zamani, ngitili: eneo linafungwa mvua zinapoanza, linafunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulifufua ngitili kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Hakuna pampu, hakuna mota. Hesabu yake: hekta ikitoa tani 2 kavu, nusu iliwe, nusu ibaki kulinda udongo. Tani 1. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kilo 6.25 kwa siku, kwa siku 120 ni kilo 750. Hekta moja inabeba ng'ombe mmoja na kidogo kwa miezi minne ya mwisho. Ukiingiza watatu, unafungua Julai na Septemba unanunua marobota.

Kosa la kawaida ni kufungua mapema kwa sababu "majani yanazeeka". Yanazeeka kweli, protini inashuka. Ndiyo kazi ya mashudu ya pamba au alizeti, nusu kilo hadi kilo kwa siku, ili tumbo liweze kuvunja hayo majani makavu.

#6 dada_Neema

Jamani na hii haidroponiki, kuotesha majani kwenye trei bila udongo? Wanauza trei na mashine, wanasema kilo 1 ya shayiri inatoa kilo 7 za majani kwa lita chache tu za maji, siku 7. Si ndiyo jibu la sehemu kavu?

#7 Mtaalamu_wa_Lishe

Dada Neema, kilo 7 ni kweli, na ni maji. Kilo 1 ya shayiri kavu ina gramu 900 za chakula halisi. Kilo 7 za chipukizi, zikiwa na asilimia 12 ya chakula halisi, ni gramu 840. Umeanza na 900, ukamaliza na 840. Mbegu inapochipua inachoma wanga wake kupumua. Trei haitengenezi chakula, inapunguza.

Na maji hayajakwepeka. Shayiri yenyewe ilioteshwa mahali, wastani wa dunia ni lita 1,400 hivi kwa kilo. Umeyahamisha tu yakawa ya shamba la mtu mwingine. Kama huko ilikuwa mvua, sawa, ni biashara nzuri kwa sehemu kavu. Lakini basi si bora ununue nafaka na mashudu ukampa moja kwa moja bila trei?

Faida zipo kwa vifaranga, sungura, ng'ombe anayeumwa. Hatari ni ukungu. Mbegu isiyosafishwa, joto la juu ya nyuzi 25, trei zisizopitisha maji, siku ya nne unaona weupe wa sufi na harufu ya pombe. Loweka kwanza kwenye maji yenye klorini, suuza, na trei yenye ukungu itupwe yote, usikate kipande kilichoharibika ukabakiza kingine.

#8 KukuBiashara

Kwa hiyo kuku ndiye mshindi? Kuku wa mayai anakunywa robo lita, joto likipanda labda nusu.

#9 Mtaalamu_wa_Lishe

Anakula gramu 120 kwa siku, 70 hivi ni mahindi. Mahindi yakivunwa tani 1.6 kwa hekta na kutumia milimita 400 za mvua, kila kilo ni lita 2,500. Hizo gramu 70 ni lita 175, kwa mahindi peke yake, soya na dagaa bado. Ila mahindi yale yametoka Nyanda za Juu Kusini, yameota kwa mvua. Kuku wa Dodoma anakunywa mvua ya Mbeya. Hapo ndipo kuku anamshinda chotara wa lusini: chakula chake kinasafiri kikiwa kikavu kwa lori, hakuna anayejaribu kukiotesha kwa boza. Na mkulima wa Mbeya akitoka tani 1.6 kwenda 3.2 kwenye mvua ileile, maji kwa kila yai yanapungua karibu nusu bila mfugaji kugusa kitu.

#10 Mzee_wa_Bwawa

Hapa Kenya watu hukimbilia samaki, eti anaishi majini kwa hivyo hayatumii. Mabwawa ya mpango wa serikali wa 2009 yalikuwa mita 300 za mraba kila moja, basi nichukue hilo. Ukambani jua linachukua milimita 6 kwa siku: lita 1,800. Siku 180 ni lita 324,000 zimekwenda hewani. Vifaranga 900, wakibaki asilimia 85, gramu 250 kila mmoja, ni kilo 191. Karibu lita 1,700 kwa kilo, na hapo sijagusa chakula wala kuvuja.

Kuvuja ndiko kunaua mabwawa. Chukua ndoo, jaza maji, isimamishe ndani ya bwawa juu ya mawe ili maji ya ndani na ya nje yawe kimo kimoja. Weka alama pande zote mbili. Baada ya siku 3, maji ya ndoo yameshuka kwa jua tu, ya bwawa kwa jua na kuvuja. Tofauti ni kuvuja. Ikizidi milimita 5 kwa siku, usinunue vifaranga. Tandika karatasi ya bwawa kwanza, au upige udongo wa mfinyanzi sentimita 30 ukishindiliwa kwa tabaka.

#11 Msafiri_Ghuba

Mnachojadili Wasaudi wameshakipitia, kwa ukubwa wa nchi. Walichimba maji ya kale chini ya jangwa wakaotesha ngano mpaka wakawa wauzaji wakubwa nje mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2008 waliamua kuipunguza, 2016 ununuzi wa ngano ya ndani ukasimama. Wakulima wakahamia majani ya mifugo, ambayo yanakunywa zaidi kwa sababu yanaota mwaka mzima. Ikabidi majani nayo yabanwe.

Almarai, kampuni ya maziwa, ilinunua mashamba Arizona, Marekani, mwaka 2014 kwa dola milioni 47.5, ikaotesha alfalfa na kuisafirisha kwa meli. Sehemu ile ya Arizona haikuwa na kikomo cha kuvuta maji ya ardhini. Oktoba 2023 gavana wa Arizona, Katie Hobbs, akatangaza kusitisha mikataba ya ardhi ya jimbo iliyokodishwa kampuni hiyo katika bonde la Butler. Jangwa limehamia jangwa lingine, na katikati yake kuna meli imejaa marobota.

#12 Fundi_wa_Visima

Kabla watu hawajakimbilia matone kama suluhisho: mmea bado unanyonya zile lita 21,000. Matone yanaokoa kilichokuwa kinapotea njiani, na sehemu ya kilichopotea kwa mifereji ilikuwa inarudi ardhini. Kinachotokea mara nyingi ni mtu "kuokoa" maji na kuyapeleka ekari ya pili.

#13 Daktari_Mifugo_Kanda

Okoeni kwanza kwenye ng'ombe. Mtamba anayezaa mara ya kwanza akiwa na miezi 36 amekula siku 1,095, tuseme kilo 5 kavu kwa siku, kilo 5,475, bila tone la maziwa. Akizaa mara 3 na kutoa lita 2,500 kila uzao, ni lita 7,500. Kila lita inabeba gramu 730 za majani ya utotoni. Azae akiwa na miezi 27, atoe uzao 4, inashuka hadi gramu 410. Kama majani hayo yote ni lusini, tofauti ya gramu 320 ni lita 320 za kisima kwa kila lita ya maziwa. Hakuna bomba la matone linalofikia hapo. Kinachotakiwa ni maziwa ya kutosha kwa ndama, dawa za minyoo na kupe, na kutazama dalili za joto (kutaka dume) asubuhi na jioni ili asipitwe.

Badala ya lusini kiangazi chote, panda mtama kwa mvua ufanye saileji (majani mabichi yanayovundikwa bila hewa). Ng'ombe mmoja, kilo 20 mbichi kwa siku, siku 210, ni kilo 4,200. Ongeza upotevu, weka tani 5. Kwa kilo 500 kwa kila mita ya ujazo iliyoshindiliwa, unataka mita 10: shimo la kina 1.5, upana 2, urefu 3.3.

Kata punje zikiwa zimetoka kwenye uji wa maziwa zinaanza kukaza. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kamata konzi, kamua kwa nguvu nusu dakika, fungua. Maji yakichuruzika kati ya vidole, anika nusu siku. Tonge likisambaratika papo hapo, umechelewa, nyunyiza maji yenye molasi. Likifunguka polepole, anza kujaza. Shindilia kila tabaka la sentimita 15 kwa pipa lililojaa maji. Hewa iliyobaki ndiyo ukungu wa kesho. Funika kwa nailoni, juu yake udongo, chimba mfereji wa kuelekeza mvua pembeni. Fungua baada ya wiki 4, upande mmoja tu.

Onyo: usilishe mtama mbichi ulio chini ya magoti, wala machipukizi yanayotoka ghafla baada ya ukame. Yana sianidi, ng'ombe anaanguka ndani ya dakika.

#14 dada_Neema

Asanteni. Kisima changu kina chumvi, kipimo kinasoma 2,000. Ng'ombe wanakunywa vizuri tu. Lusini itakubali?

#15 Kipimamaji

Kama ni maikrosimensi 2,000, kwa ng'ombe hakuna shida, ni kama miligramu 1,300 za chumvi kwa lita, na yeye anavumilia hadi 3,000. Lusini ndiyo inayokataa, mavuno yanaanza kushuka ukivuka maikrosimensi 1,300. Ili usipoteze mavuno inabidi umwagilie zaidi ya anachonyonya mmea, robo ya maji yote yapite chini yakisukuma chumvi. Kwa hiyo 28,000 inakuwa kama 37,000 kwa ekari kwa siku, na robota linafika lita 17,000. Usipoyapitisha, msimu wa pili utaona kingo za majani zimeungua na ganda jeupe juu ya udongo.

Boma rhodes au nyasi za bafeli zinavumilia chumvi kuliko lusini. Panda hizo kwa mvua, protini nunua mashudu ya alizeti hapo hapo Dodoma. Na kabla ya yote chukua kipimo kingine Oktoba, visima vingi chumvi inapanda maji yakishuka.